Shuka za Alvar

Wiki nzima Torborg alimwona jirani yake Alvar akichungulia maua yake ya dalia juu ya uzio, na mashindano ya maua yalikuwa Jumapili. "Paka hamkodolei samaki bure," alijisemea.

Asubuhi akakuta nyayo za mabuti kwenye tuta na dalia zimefunikwa shuka. Akamwendea mbio.

"Wewe Alvar! Umezifanya nini dalia zangu?"

"Tazama unapokanyaga, jirani."

Nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika kama kioo. Jalidi ya kwanza, ule umande wa kuganda unaounguza maua, ilishuka usiku, na dalia za Alvar zilisimama nyeusi kama zimepikwa.

"Nilikuwa na shuka nne tu za kukinga baridi," akasema Alvar. "Na zako zingenishinda kwa vyovyote vile."

Torborg akazitazama zile dalia nyeusi. "Shuka nitazifua. Lakini siri ya mbolea yangu huipati!"