Bonsai Iliyolia Saa Nne

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Deki alichomeka kidole kwenye udongo wa bonsai ya Mkurugenzi, kile kimti cha chunguni, mpaka pingili ya kwanza, akakitoa, akakitazama. Kilitoka na udongo mweusi uliong'ang'ania ukucha. Maana yake mti una maji ya kutosha. Udongo uachwe ukauke kidogo ndipo mti unyweshwe. Kwa miaka miwili alijua hivyo tu, na mti ule mfupi kuliko chupa ya chai haukuwahi kudondosha jani bila sababu.

Mkurugenzi hakuamini vidole vya mfagizi. Ofisi nzima ilimwita Bwana Ratiba akishageuza mgongo, kwa kuwa hata kiu aliipangia zamu. Alikuwa amebandika kadi ukutani: Jumatatu na Alhamisi, vikombe viwili, weka sahihi. Mama Deki aliweka sahihi, kisha akafuata kidole chake.

Alikuwa amerudi kazini mtoto wake ana miezi mitatu. Aliomba ruhusa ya nusu saa, kila siku saa nne asubuhi, akanyonyeshe. Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi. Mkurugenzi alisema suala hilo litaangaliwa. Liliangaliwa wiki ya kwanza, likaangaliwa ya pili na ya tatu, mpaka lenyewe likachoka kuangaliwa.

Wiki ya nne, saa nne kamili, bonsai ikalia. Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga, na Mama Deki aliijua kabla haijamaliza pumzi ya kwanza: ni ya mwanawe, na kile kikwaruzo chake cha mwishoni. Maziwa yakamtoka, yakalowesha sare.

"Mti unalia," karani akasema, macho kwenye faili.

"Nausikia."

"Basi funga huo mlango, nina simu hapa."

Mkurugenzi akaitisha kikao. Watu wazima saba wenye tai walijadili saa nzima, mti ukilia katikati ya meza, wakakata shauri kwamba una kiu. Waraka ukatoka siku hiyohiyo: bonsai ikilia, mfagizi aache chochote anachofanya, aihudumie kwa nusu saa.

"Bosi, udongo umelowa," Mama Deki alisema. "Hiyo si kiu. Huyo ni mwanangu ana njaa. Niruhusu nikimbie nyumbani, nusu saa hiyohiyo mliyoiandika."

"Mama, tuwe na utu jamani," Mkurugenzi akajibu. "Mwanao ana bibi yake. Mti huu una nani?"

Wenye tai wakatikisa vichwa kwa huruma. Mti ulihurumiwa sana siku ile.

Akaumwagia maji kama alivyoamriwa. Haukunyamaza. Jioni mama mkwe alimpokea mlangoni, nepi mbichi zimemjaa mkononi.

"Mwanangu, leo huyu kalowa kifuani chapachapa, na juu ya paa mvua hakuna. Nimembadilisha mara tatu. Na kilio palepale."

"Pole, mama. Nimeelewa."

Kesho yake kifua kilimjaa na kuuma dakika mbili kabla ya saa nne. Akaingia jikoni mwa ofisi na kikombe, akakamua, akamimina taratibu kwenye udongo. Saa nne ikapita, mti kimya. Tangu siku hiyo hakuhitaji kadi wala kidole.

"Leo kashiba," mama mkwe alisema jioni. "Kacheua mara mbili, na mimi sijampa kitu. Nimemfuta mdomo tu, mweupe."

"Afadhali."

Bonsai ikatoa majani mapya, manono kama masikio ya kitoto. Mkurugenzi akapiga nayo picha, akapewa cheti cha utunzaji bora, akakitundika juu ya kadi. Aliwaambia wageni kwamba siri yote ni nidhamu ya ratiba. Ombi la nusu saa likarudi limegongwa muhuri: halina uhitaji kwa sasa.

Na kweli, mtoto alinenepa. Siku ya mapumziko Mama Deki alimpakata, akafungua vifungo vya blauzi, akamsogeza kifuani. Mtoto akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha akageuza shingo kuelekea dirishani, jirani alipoanika chungu chake cha maua, akakinyooshea mikono yote miwili.