Viboksi Vitatu vya Eko

Nyumba yetu hapa Ujiji ina dirisha moja tu linalofaa kushonea. Chini ya dirisha hilo palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na viboksi vitatu vya eko, vya kuitia sauti mwangwi, vya kaka yangu Castory. Cherehani yangu ilikuwa kijijini Simbo kwa mama mdogo, imefunikwa gunia, kuku wanaitagia. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Castory ana studio. Watu wakisikia studio wanafikiria vioo na viti vya kuzunguka. Yetu ni vyumba viwili vya kupanga. Cha ndani tumekipiga magodoro ukutani na trei za mayai darini, humo ndimo wanamoimbia. Cha mbele ndiyo sebule, ndipo anapokaa yeye na kompyuta yake, na waya zinapita kwenye tundu la ukutani. Wanaokuja wengi ni kwaya. Mimi nampanga mwimbaji mbele ya maiki, namvalisha hedifoni, kisha nakaa kimya kwenye kona mpaka amalize. Nimekaa kwenye kona ile miaka mingi. Kushona nilijifunza baada ya kumaliza la saba, na nilichokosa ni pahali pa kuweka mashine penye mwanga.

Viboksi alivinunua kwa Papaa Bonaventura, mpiga gitaa aliyevuka ziwa kutoka Kongo, siku alipoacha muziki na kufungua duka la mkaa. Ni vitu vya bei ya chini, ukubwa wa tofali. Kimoja kitufe chake kimeshikwa na selotepu. Cha pili ukikigusa kinanguruma. Cha tatu, kile cheusi, ndicho kilichokuwa kikiwashwa siku zote, ila kina mlio wa shhh kama dagaa wanaotiwa kwenye mafuta ya moto.

"Vitoe basi," nilimwambia.

"Hivi ndivyo vilivyonilea, Hono. Utamtoa mama yako nje?"

"Mama hangurumi nikimgusa. Na kompyuta si ina eko?"

"Inayo."

"Nzuri kuliko hizi?"

Akakuna kichwa. Castory akikuna kichwa ujue jibu analo ila hataki kulitoa.

"Tuvipime," akasema mwishowe. "Wewe masikio unayo. Ukisema eko ya kompyuta ndiyo nzuri, namwita Hamdani avichukue, na meza ni yako."

Hamdani ni fundi redio wa kule mtaa wa Mwanga, anayevunja vyombo vya watu apate vipuri.

"Geuka ukutani," Castory akaniambia.

"Kama mtoto aliyekosa?"

"Geuka, usione mkono wangu."

Nikageuka. Akapiga kipande cha wimbo kikavu, kisicho na eko, akakipitisha kwenye kiboksi, akakipitisha tena kwenye eko ya kompyuta, bila kusema kipi ni kipi. Akafanya hivyo kwa kila kiboksi. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na nafsi yangu, maana meza niliitaka sana, lakini hapakuwa na la kupambana. Eko ya kompyuta ilikuwa safi kama maji ya kisimani. Zile nyingine zilikuwa na shhh au mngurumo ndani yake. Kila mara nilitaja ile safi, na sikudanganya hata mara moja.

"Umenimaliza," Castory akasema. "Haya, kalete cherehani yako."

Mashine ikaja na bajaji, ya kukanyaga kwa mguu, nzito kama jiwe la kusagia. Ina meza yake, kwa hiyo ile ya zamani tukaitoa nje na viboksi tukavitia kwenye katoni mlangoni, kumsubiri Hamdani. Nikakaa dirishani, nikatia uzi sindanoni. Ule uzi niliuona tunduni bila kukunja macho.

Kesho yake asubuhi akaja Mama Eufrasia. Yeye anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, boti za uvuvi zinakotia nanga, na ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya yao. Wenzake walikuwa wameshaimba sehemu zao, ubeti wake wa kuanzisha ndio uliobaki, na wimbo ulitakiwa kanisani Jumapili ya mavuno.

"Mwakeye!" akasalimu kwa Kiha toka uani. "Heh, cherehani! Siku hizi hapa mnaimbisha au mnashona?"

"Shikamoo mama. Vyote."

"Marahaba. Basi utanishonea sare mpya. Ile ya yule fundi nikivuta pumzi vifungo vinaruka, kuna siku nitamtoboa padri jicho."

Nikampanga mbele ya maiki, nikamvalisha hedifoni. Muziki ukaanza. Akaimba, akasimama.

"Castory mwanangu, umezima nini?"

"Sijazima kitu, mama. Imba tu."

Akaimba tena. Mimi namjua Mama Eufrasia anavyoimba. Akitoa neno hulisubiri kidogo, kichwa kimeinama upande, kama anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili, ndipo anatoa la pili. Siku ile kichwa hakikuinama. Alitoa neno, halikurudi, akatoa jingine kwa nguvu zaidi. Mishipa ya shingo ikamtoka. Akawa anaimba kama anavyoita wachuuzi kule mwaloni injini za boti zikiwa zinawaka.

"Sauti yangu inakufa hapa hapa mdomoni," akasema. "Kama naimbia ndani ya mto wa kulalia."

Castory akajaribu kumpa eko ya kompyuta moja kwa moja masikioni. Kompyuta yetu ni ya zamani, ile eko ikawa inachelewa. Mama Eufrasia akaanza, akasikia mwenzake anamfuata nyuma, akavua hedifoni.

"Huyu anayeniigiza ni nani?"

Nikacheka, lakini Castory hakucheka. Nikatoka kumletea mama maji, nikamwona kaka yangu amekaa anatazama ile katoni mlangoni. Kisha akatazama cherehani yangu. Kisha akatazama chini, akaanza kukung'uta waya ambayo haikuwa na vumbi.

Hapo nikaelewa kwamba alishagundua kosa letu. Kile cheusi ndicho kilichokuwa kinampelekea kila mwimbaji sauti yake papo hapo, tangu studio ianze, na tulikuwa tumekizoea hata hatukuona kinafanya kazi. Tulivipima viboksi kwa sikio la atakayenunua wimbo. Sikio la mwimbaji hatukulipima. Castory alishaligundua hilo mama alipovua hedifoni, ila alinyamaza, kwa sababu meza alishanipa.

"Labda mama ana mafua," akaniambia, hanitazami.

"Labda," nikasema.

Nikampelekea maji. Nikakaa konani kwangu. Nikawaza: nikilinyamazia hili, litapita. Castory hatasema neno. Mama Eufrasia ataimba hivyo hivyo, wimbo utapigwa Jumapili, watu watasema kazeeka, na yeye mwenyewe ataamini. Akishaondoka, nitarudi dirishani. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Nje pikipiki ikazima. Hamdani.

"Hodi! Mzigo wangu uko wapi?"

"Huo hapo," Castory akasema, akainama kuibeba katoni.

"Subiri," nikasema, nikitokea chumba cha ndani. "Toa kile cheusi."

"Tulikubaliana, Hono."

"Tulikubaliana tukiwa hatujasikia. Kitoe."

"Nikiweke wapi? Waya ya maiki haifiki pengine ila dirishani."

"Weka juu ya cherehani yangu."

Hamdani akatutazama kwa zamu. "Jamani, mnanipa au mnanionyesha?"

"Viwili chukua," Castory akamjibu. "Hicho kimoja kina mwenyewe."

Nikakilaza kichwa cha mashine ndani ya meza yake, nikafunika ubao. Castory akaweka kiboksi juu, akachomeka waya. Shhh ikaanza. Mama Eufrasia akavaa hedifoni, akatoa neno moja la kujaribu, na kichwa chake kikainama upande.

"Alikuwa amekwenda wapi huyu?" akauliza.

Akaimba ubeti wake wote bila kusimama, na shhh haikuingia kwenye wimbo, maana sauti ya kiboksi ilikwenda masikioni kwake tu. Eko ya wimbo wenyewe Castory aliitia baadaye, ile safi ya kompyuta.

Sasa tunaishi hivi. Siku za waimbaji sishoni, na waimbaji ni wengi, mara nyingine wanakuja mfululizo na nguo za watu zinachelewa. Nagombezwa na wateja. Siku nyingine kiboksi kinakaa chini, karibu na pedali, na ndiyo sababu kitu cha kwanza nilichoshona kwenye mashine ile hapa Ujiji ni kifuniko chake, nyuzi zisiingie kwenye vitufe.

Castory alikigeuza kile kifuniko huku na huku, akasema mshono umepinda.

Nikamwambia ageuke ukutani auone vizuri.