Kanyaga, Shika, Usiachie

Mimi sina subira na mtu anayeniletea gari halafu anaanza kunifundisha kazi. Ila yule kijana wa Jumamosi nilimvumilia, maana nilimtambua kabla hajafungua mlango. Picha yake ninayo kwenye simu. Angelina, mtoto wa dada yangu, mwalimu kule Kinole, alinitumia na kuandika chini yake: Mjomba, huyu ndiye Godlisten, Jumamosi anakuja nyumbani kujitambulisha, tafadhali usimtese.

Sasa mtu akishaniandikia usimtese, mimi nifanyeje?

Yeye hakunijua. Hapa gereji kwangu Mafiga hakuna anayeniita Pazi, wote wananiita Breki. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, akasema pedeli ya breki imekuwa laini, inazama karibu ifike chini, na saa nane mchana anatakiwa awe Kinole.

"Kuna nini Kinole?"

"Nakwenda ukweni, fundi. Mshenga wangu ameshatangulia. Wazazi hawana neno, tatizo ni mjomba. Nasikia Waluguru mjomba akikataa, hata baba akubali mara kumi, hakuna ndoa. Na huyu nasikia ni mkorofi hasa. Yuko hapa hapa mjini, ila sijawahi kumwona."

"Wajomba wengine wana roho mbaya," nikasema, nikainama haraka kutafuta spana ambayo sikuihitaji.

Lakini alisema kweli. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Nami nilikuwa sijaamua. Karani wa benki, mtu wa Moshi, shati limepigwa pasi mpaka kola. Nilitaka Angelina aolewe na mtu, siyo na shati.

Nikaingia garini nikakanyaga. Pedeli ikazama kama mguu kwenye tope. Nikakanyaga mara tatu za haraka, ikapanda. Basi nikajua ndani mna upepo, na palipoingia upepo lazima pavuje. Nikachungulia magurudumu, la nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki, nikakuta maji meupe yenye povu. Nikanusa. Sabuni ya unga, ya kufulia, tena ile ya harufu ya limau.

Hapo nilikasirika kweli. Madereva wa safari ndefu wanaijua hiyo: mafuta ya breki yakikuishia porini, koroga maji ya sabuni, mimina, utafika. Kwenye tambarare. Ukishuka nayo mlima wa Kinole, breki zinapata moto, maji yanachemka, pedeli inakwenda chini na kubaki huko huko. Na jioni ile huenda Angelina angemsindikiza mjini, ashuke mlima ndani ya gari lile.

"Nani kaweka sabuni humu?"

"Sabuni? Labda fundi aliyepita," akasema, anatazama barabarani.

Fundi aliyepita. Kila uchafu wa dunia hii kaufanya fundi aliyepita. Nikaamua pale pale kwamba huyu namkataa, tena namkataa kwa raha zangu mbele ya ukoo mzima.

Nikabadilisha raba za breki kwenye gurudumu linalovuja, nikamwaga ile supu, nikajaza mafuta mapya. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, mmoja chini na spana na mpira ulioingizwa kwenye chupa, mwingine kwenye pedeli. Nikamwambia avue viatu ndipo aingie. Haikuwa lazima, nilitaka tu kumwona na soksi.

"Nikisema kanyaga, kanyaga. Nikisema shika, shika mpaka niseme achia. Ukilegeza mguu kabla, upepo unarudi na tunaanza upya."

Nafasi nzuri ya kumhoji mkwe kama ile sijawahi kuipata. Haondoki, na uso wangu haoni.

"Kanyaga. Shika. Unakunywa pombe?"

"Soda tu, fundi." Kwenye mpira nikaona povu linarudi ndani.

"Umelegeza. Tunaanza upya. Unakunywa?"

"Bia mbili. Wikiendi."

Mafuta yakatoka vizuri kabisa. Nikacheka kimya kimya huku chini. Nikamuuliza kama ana mtoto mahali, akasema hana, mguu imara. Nikamuuliza kama anajua kupika, akakiri ugali wake unatoka na madonge, mguu imara.

"Shika. Sabuni kaweka nani?"

"Fundi wa Dar." Upepo ukarudi wote.

Tukaanza upya. Mara hii akasema, "Nimeweka mimi," na upepo ukarudi tena. Nikamwambia kwa mwendo huu Kinole atafika kesho.

"Basi. Ni mchumba wangu. Juzi tunatoka Dar, mafuta ya breki yakaisha pale Mikese. Akakimbia dukani kununua sabuni, akakoroga, akamimina. Mimi hata pa kumimina sipajui. Sikutaka kumtaja, ungemwona mjinga."

Mafuta yalitoka safi, bila hata tone la povu.

"Na yeye kafundishwa na nani?"

"Mjomba wake. Zamani alikuwa anaendesha lori la machungwa, likizo anamchukua."

Nikabaki nimelala pale chini na spana mkononi. Nilikumbuka vizuri sana. Angelina ana miaka tisa, njia ya Dumila, ameshika chupa ya povu kwa mikono miwili, nami najigamba kwamba mjomba hashindwi na kitu. Sikumwambia kwamba ukifika unamwaga yote siku hiyo hiyo, wala kwamba mlimani haifai kabisa.

"Huyo mjomba ni mpumbavu," nikasema.

"Fundi, nakuheshimu, lakini mjomba wa watu usimtukane. Angelina anamwamini kuliko mtu yeyote. Bila yeye tungelala Mikese."

Na mguu wake haukutikisika.

Nilimwacha atangulie. Nikaoga, nikavaa kanzu, nikakodi bodaboda. Nilipoingia sebuleni kwa dada, Godlisten alikuwa na glasi ya maji mkononi. Aliponiona ni yule fundi, hakuinywa, wala hakuiweka mezani.

"Mjomba wa mtoto huyo," shemeji yangu akasema. "Tunakusikiliza."

Njiani nilikuwa nimepanga kumtoa jasho nusu saa nzima. Nilishindwa. Nikasema nimekubali, nikamwita Angelina nje, nikamweleza kuhusu ile sabuni yale niliyokuwa sijamweleza kwa miaka kumi na saba. Mwanzo alicheka, akidhani namtania. Kisha akanitazama vizuri, akakaa kwenye ngazi.

"Mbona siku ile hukuniambia, mjomba?"

"Nilitaka unione hodari tu," nikasema, na kulitamka hilo kulinitoa jasho zaidi kuliko kumkubali mkwe.