Gego la Chemutai

Daktari Kimotho alikuwa amelikausha gego la chini mara mbili, na mara mbili mate yakarudi. Alihisi kuonewa. Jino la kung'olewa halimsumbui mtu kwa mate.

"Panua mdomo, msichana. Hapa si kanisani."

Chemutai, mtoto wa miaka saba, akapanua. Mama yake, Chepkosgei, mkulima wa chai kutoka Mogogosiek, alisimama kando ya kiti, mkoba kifuani, bila dalili ya kuondoka.

Walipoingia, daktari alikuwa amemweleza kwa upole kwamba meno ya mtoto ni mazima. Amrudishe yakianza kuuma.

"Dada yake, Chepkurui, nilimleta yakiuma," mama akajibu. "Ukang'oa mawili. Sasa msichana mkubwa hivyo anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Huyu mdogo wake ameota magego juzi tu. Nesi aliyekuja shuleni alisema kuna dawa ya kuziba mianya iliyo juu ya magego kabla hayajaoza."

"Hiyo ni ya watoto wa wazungu, Mama Chepkurui."

"Kwani wao hutafuna na nini?"

Dawa Kimotho aliijua. Mwaka uliotangulia alikwenda semina Nairobi, ambako madaktari wa meno walikubaliana kwa kauli moja kwamba kuziba ni jambo jema sana. Walipiga makofi, wakala kuku, wakapewa kila mmoja paketi ya dawa, wakarudi makwao kung'oa. Paketi yake ilikaa kabatini nyuma ya koleo, imetunzwa vizuri kabisa. Hofu yake, aliwaambia wenzake, ni kufungia uozo ndani ya jino. Uozo uliobaki wazi haukuwahi kumtia hofu.

Lakini mama alikataa kumshusha mtoto kitini, na foleni ilikuwa imeanza kusikiliza.

Safari ya tatu gego likakauka. Kimotho akachanganya matone ya dawa, akayadondosha, akayaona yakitambaa ndani ya mianya. Kazi nzuri, alijiambia. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya miaka mingi ya kung'oa, ukachukua donge la pamba na kulikandamiza juu ya jino.

"Uma kwa nguvu. Usiteme mate, na chai moto usinywe mpaka kesho."

Chemutai akauma.

"Daktari," mama akauliza, "kwani kuna damu?"

Kimotho aliitazama pamba, akaitoa polepole. Dawa yote ikaja nayo.

"Haikuwa imeshika bado," alisema, kana kwamba dawa ndiyo iliyokosa adabu.

"Mkono wako haujazoea kumwachia mtu jino," Chepkosgei akasema bila ukali. "Si neno. Utazoea."

Nje mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati, na jino lilitaka kusafishwa upya.

"Mrudi kesho," daktari akasema. "Mapema, kabla ya watu wa kung'olewa."

"Tunalala kwa dada yangu hapa mjini. Utatukuta mlangoni."

Walipotoka, Kimotho akaikunjua karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya paketi ya dawa kwa mara ya kwanza, akaanza kusoma kutoka juu.