Ada ya Binti Yangu

Ijumaa ya tarehe thelathini Agosti, siku ya mshahara, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Nilipewa bahasha nyepesi mpaka nikadhani ni ya mtu mwingine.

"Mzee Moto, hongera!" akanicheka mwenzangu wa zamu, akichungulia karatasi yangu ya mshahara pale kwenye boila la kiwanda, tunapochochea moto wa mvuke. "Unakatwa kodi kama meneja! Lini unatukopesha?"

Nikaenda kwa mhasibu, kijana wa tai. Ofisini kwake feni mbili. Sisi kwenye boila hata dirisha hatuna. Hakuniambia nikae.

"Kampuni inamlipia binti yako ada ya shule," alisema. "Watu wa kodi wamekagua. Wanasema ada ile ni sehemu ya mshahara wako, kwa hiyo inakatwa kodi. Ya miaka iliyopita pia utakatwa mpaka iishe."

"Bosi, hiyo ada sijawahi hata kuishika. Inatoka kwenu inakwenda shuleni."

"Ndiyo sheria, mzee. Ukitaka makato yapungue, sema huitaki ada. Mtoto atoke shule."

Sheria! Wanaoitunga hawajawahi kununua mkaa wa kupimiwa kwa kopo. Kilichobaki kwenye bahasha nikilipia chumba, binti hali. Akila, tunalala nje. Na mtihani wake wa mwisho ndio huo unabisha hodi.

Jumapili asubuhi binti yangu alikuwa anapiga pasi sare yake juu ya meza, anaimba kwa sauti ya mama yake kabisa.

"Baba, mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."

Tumbo lilikuwa limejaa, kweli. Limejaa hofu.

Maana ada ile haikuja kwa wema. Mke wangu alikuwa akipaki sabuni kiwandani humo humo. Bomba la mvuke juu ya meza yao lilikuwa linavuja, na mimi mwenyewe nilimwambia msimamizi. Akajibu, "Wiki ijayo." Wiki ijayo haikufika. Lilipasuka, likammwagia mke wangu mvuke. Wakubwa wakaandika kwamba moyo ulisimama. Moyo wa nani usingesimama?

Siku ya mazishi mkurugenzi akanivuta pembeni, miwani myeusi usoni. "Mtoto tutamsomesha sisi. Haya ya bomba yaishie hapa." Funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika. Ningefanyaje, na mtoto ameshika shati langu?

Jumatatu nikaitwa ofisi ya kodi nijieleze. Mhasibu akanipeleka kwa gari la kampuni. Siku zote hata baiskeli hawanipi, siku hiyo nimefungiwa mkanda kama waziri. Tulipoegesha, akanigeukia.

"Mzee, jibu unachoulizwa tu. Ukilitaja bomba, hakuna ada, hakuna kazi. Tumeelewana?"

Mikono yangu imezoea moto tangu ujana, lakini pale ilikuwa baridi kama ya maiti.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akanivutia kiti. Ule upole wake ndio ulionitisha zaidi. Mtu akikufokea unajua umesimama wapi.

"Baba, pole na safari. Ingekuwa hii ni fidia, au mkono wa pole baada ya msiba, ningeitazama kwa jicho lingine. Pengine usingekatwa. Lakini kampuni yenyewe inasema ni marupurupu ya mfanyakazi."

"Ni marupurupu, mheshimiwa," mhasibu akadakia. "Tunawajali watu wetu."

"Vizuri." Yule mama akashusha miwani, akanitazama mimi, si mhasibu. "Pale kiwandani mko wengi, na wengi mna watoto. Kwa nini wanamsomesha wako peke yake?"

Chini ya meza kiatu cha mhasibu kikapanda juu ya vidole vyangu, kikakaa.

Nikinyamaza, kodi inamtoa mwanangu shuleni. Nikisema, kampuni inamtoa, na mimi naenda naye barabarani. Nikamwona binti yangu na pasi yake, anakunja kola ya sare kama alivyofundishwa na marehemu.

Jasho likanidondoka kwenye meza ya serikali. Mhasibu akakohoa. Yule mama akainua mkono kumnyamazisha, akasogeza kiti chake karibu na changu, akauliza tena, taratibu:

"Baba, kwa nini wako peke yake?"