Mshale wa Geji

Shule yetu ya bweni ina sheria arobaini na mbili, zimeandikwa kwenye ubao mlangoni mwa bwalo, na katika miaka mitatu nimevunja thelathini na nane. Nne zilizobaki zinahusu bwawa la kuogelea, na shule haina bwawa. Kosa lililonipatia heshima kuliko yote ni lile la saa ya bwalo. Nilitoa kioo, nikasogeza mshale mbele dakika ishirini, nikairudisha saa ukutani kwa adabu zote. Wasichana mia tano wakala chakula cha mchana kabla ya wakati, na mwalimu wa zamu akampongeza mpishi kwa kuwahi. Hakuna aliyeumia. Mpaka likizo hii nilikuwa naamini kwamba mshale ni kitu cha kuchezea.

Nyumbani tuko watatu: Mama, Kaka na mimi, ambaye Kaka huniita Profesa. Gereji ya Kaka imegusana na jiko letu, katikati kuna mlango usiofungika vizuri, kwa hiyo chai yetu inanukia petroli kidogo na magari ya watu yanaondoka yakinukia vitunguu. Wateja wanamwita Kaka Daktari, kwa sababu hagusi injini kabla ya kuisikiliza. Alijitengenezea kifaa chake mwenyewe. Ni kibomba cha shaba kilichofungwa kwa boliti kwenye bloku ya injini, kikaunganishwa na mpira mrefu unaopita dirishani, na mpira huo unaishia kwenye vifuniko vya masikio, vile wanavyovaa wakata magogo. Injini ya turbo ikisukumwa kupita kiasi, mafuta hulipuka ndani kabla ya wakati wake, na kwenye kifaa kile mlipuko unasikika kama changarawe kwenye kopo. Mafundi wanasema injini inagonga. Ukisikia, unaondoa mguu. Usiposikia, una sekunde chache tu za kuendelea kuwa na injini.

"Huyu anasikia pistoni ikikohoa," Mama hupenda kuwaambia wageni. "Mimi nikimwita kula, mpaka nimfuate na mwiko."

Gari lenyewe tulimwita Bi Arusi, kwa kuwa kila siku alikuwa anapambwa na siku ya kutoka haifiki. Ni gari jekundu la milango miwili ambalo Baba alilinunua likiwa bovu, akaliacha bovu zaidi, injini ikiwa vipande ndani ya makasha ya sabuni, kisha akafariki. Kaka alilifufua kwa miaka mitano. Aliweka turbo kubwa zaidi, pistoni imara za kufuliwa kwa nyundo, nozeli za kumwaga mafuta mengi, kipoza hewa cha upana wa mlango wa kabati, na ekzosi ambayo jirani yetu aliilalamikia kwa barua. Alizima pia ile kinga ya kompyuta inayokata mafuta presha ikizidi. Kinga ile inashtuka ovyo, alisema, na fundi anayejua kusikiliza haihitaji. Kwenye dashibodi alibakiza geji ya zamani ya Baba ya kupimia presha, ya mshale, kwa sababu hakutaka kuitupa.

Presha ya turbo ilikuwa moja nukta mbili. Hapo ndipo Bi Arusi alipokuwa na furaha, nguvu zote na usalama wote. Presha inaongezwa kwa skrubu moja ndogo chini ya boneti. Robo mzunguko tu, na gari linabadilika tabia.

Wiki ya pili ya likizo, Kaka aliingia jikoni akiwa amenawa mikono mpaka viwiko, jambo ambalo kwake ni sawa na kuvaa suti.

"Mkuu wa timu ya mbio anakuja Jumamosi," alisema. "Fundi wao wa injini amestaafu. Amesema hataki vyeti. Atakaa ndani ya gari langu, tutakimbia, basi."

"Na ukipita?" nikamuuliza.

"Nikipita, Profesa, ninaondoka kwenye kubadilisha oili. Nina miaka thelathini na minne. Nisipopita sasa, hakuna mwingine atakayekuja kugonga mlango huu."

Mama alisema amina na kumwekea mboga mara ya pili. Mimi, kwa moyo mweupe kabisa, nikaanza kufikiria mzaha wa kumpunguzia wasiwasi.

Alhamisi, Kaka alipokwenda kutafuta plagi mpya, niliichomoa geji. Geji ile ina kijipini kidogo pale kwenye sifuri, na mshale ukiwa hauna kazi unalala juu yake. Niliung'oa mshale, nikaupachika tena ukiwa nyuma kwa sehemu nne. Kijipini kikauzuia pale pale sifuri, na kwa macho ulionekana mtoto mwema. Ila sasa presha ikifika moja nukta mbili, mshale ungeonyesha nukta nane. Mpango ulikuwa huu: Ijumaa Kaka angejaribu gari, angeona presha imeshuka, angedhani kuna mpira unaovuja, angekagua vibano vyote kumi na sita akiongea peke yake, na baada ya saa moja hivi mimi ningeingia na sinia ya chai na kusoma tamko rasmi. Tamko nilikuwa nimeshaliandika. Lilikuwa na vipengele vitano.

Ijumaa, saa nne asubuhi, kabla Kaka hajawasha gari, yule mkuu wa timu alifika. Siku moja kabla.

Alikuwa mtu mfupi, mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na dereva wake alibaki nje. "Fundi, samahani," alisema. "Kesho nina msiba. Kama uko tayari, twende sasa. Kama hauko tayari, tutaangalia mbele ya safari."

"Niko tayari, Mkuu," Kaka akajibu.

Mimi nilijipenyeza kwenye kiti cha nyuma, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya mkoba, magoti yakiwa kidevuni. Kaka alisema nije kwa sababu mimi ni bahati yake. Alisema hivyo mbele ya mgeni.

Tulikwenda kwenye ile barabara iliyonyooka nyuma ya maghala ya nafaka, ambako mafundi wote hujaribia magari. Kaka akavaa vifuniko vyake vya masikio, akakanyaga. Bi Arusi aliruka kama aliyeitwa jina lake. Nilisukumwa nyuma, tumbo likabaki getini mwa ghala la kwanza. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye nukta nane.

Kaka akauona. Akapunguza mwendo, akaegesha kando.

"Presha imeshuka," alisema.

"Mpira?" Mkuu akauliza.

"Mipira niliikagua jana, yote. Itakuwa springi ya valvu ya turbo imelegea kwa joto." Alikwisha fungua mlango. "Nipe dakika moja, Mkuu."

Hiyo dakika moja ndiyo ninayoishi ndani yake mpaka leo. Boneti ilikuwa wazi, Kaka ameinama, bisibisi kwenye ile skrubu ndogo. Nilichotakiwa kusema kilikuwa na maneno manne: Kaka, nimeuchezea mshale wako. Lakini mgeni alikuwa ameketi mbele yangu, shati lake limenyooka, na nikaona jinsi Kaka atakavyoonekana: mtu mzima anayechezewa gari na mtoto. Nikajiambia nitamwambia tukifika nyumbani. Nikajiambia robo mzunguko haiui. Mimi ni hodari sana wa kujiambia.

Alifunga boneti. Tukakimbia tena. Safari hii Bi Arusi alikuwa mwingine kabisa, hata Mkuu alishika mpini wa mlango na kutabasamu. Mshale ulisimama kwenye moja nukta mbili, pale Kaka alipoutaka. Niliutazama nikijua kwamba ndani ya injini ni moja nukta sita. Nilimtazama Kaka. Nilisubiri asikie changarawe aondoe mguu. Ndiyo kazi yake, kusikia. Hakuondoa.

Kilichofuata kilikuwa kama mtu ameangusha kabati zima la sufuria. Moshi mweupe ukafunika kioo. Gari likateleza kwa uzito wake mpaka likasimama lenyewe, na nyuma yetu oili ilikuwa imechora mstari mweusi barabarani.

Mkuu alitoka nje, akainama kutazama chini ya gari, akasimama. "Pole sana, fundi."

Kaka alikuwa bado amevaa vifuniko vya masikio. Akavivua. "Unasemaje?"

"Nasema pole. Ilikuwa inagonga?"

"Sikusikia kitu, Mkuu."

"Hata mimi sikusikia," alisema yule mtu, kwa upole ule ule, "lakini mimi sikuvaa kifaa." Alikunja mikono ya shati, akatusaidia kusukuma gari mpaka ukingoni. Alipomaliza alimshika Kaka bega. "Dereva wangu wa mbio anaweka roho yake kwenye masikio ya fundi. Unanielewa."

"Nakuelewa."

Dereva alikuwa ametufuata kwa nyuma. Wakaondoka.

Jumamosi Kaka alifungua injini. Bloku ilikuwa na tundu ubavuni, la kuingiza ngumi. Pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, kingo zake zimeshuka kama nta. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu, akaipitishia kidole.

"Hii haikufa ghafla," alisema. Hakuwa anasema na mimi hasa. "Imegonga. Sekunde sita, saba. Ilikuwa inanipigia kelele masikioni."

Bloku kama ile haitengenezwi tena. Baba alipata moja, na ile moja ndiyo ile.

Jumapili alikaa kitandani mpaka mchana. Jumatatu wateja wawili walikuja, akawaambia gereji imefungwa. Jumanne alipanda ngazi akashusha kibao cha gereji, na Mama akasimama mlangoni mwa jiko, akikausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Mwanangu, unakwenda wapi na kibao?"

"Yule jamaa wa matairi anahitaji mtu wa kujaza upepo."

"Wewe Daktari, wa kujaza upepo?"

"Mama, usiniite hivyo."

Hapo nikashindwa. Nilimfuata ndani ya gereji, nikafunga ule mlango kadiri unavyofungika, nikamwambia. Saa ya bwalo, kijipini, sehemu nne, tamko la vipengele vitano, dakika moja ya boneti. Nilisema yote nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu, maana sijui namna nyingine ya kukiri.

Aliichomoa geji, akaiunganisha na pampu ya mkono pamoja na geji nyingine mpya, akapampu. Mpya ikasoma moja nukta sita. Ya Baba ikasoma moja nukta mbili. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Hata mkwaruzo hakuna," alisema. "Una mikono mizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Nilikuwa nalihitaji.

"Kwa hiyo si wewe, Kaka," nikasema. "Ni mimi. Mpigie Mkuu, mwambie dada yako ni mpumbavu. Nitaongea naye mwenyewe. Nitakwenda kwa miguu."

"Nimwambie nini? Kwamba mshale ulidanganya?" Aliiweka geji mezani taratibu. "Mishale inadanganya kila siku. Mipira inapasuka, springi zinalegea, petroli inakuwa mbovu. Kwa nini unadhani nilitengeneza kifaa? Ili siku mshale ukidanganya, nisikie." Akaniangalia. "Iligonga sekunde saba, Profesa. Nilivaa kifaa. Sikusikia."

"Labda mpira ulichomoka."

"Niliuangalia. Ulikuwa umekaa vizuri."

Upande wa pili wa ukuta Mama alikuwa anasuuza vyombo, na mimi nilisikia kila kijiko.

"Mwaka jana nilianza kuhisi," alisema. "Nikajiambia ni uchovu. Nikawa naisoma geji zaidi, nasikiliza kidogo. Nilidhani hakuna atakayejua tofauti."

Alifungua sanduku la vifaa akatoa racheti, ile spana inayolia tiktiki ukiirudisha nyuma. Akanipa. Akavuta stuli, akakaa akiutazama ukuta, mgongo kwangu.

"Anzia mlangoni. Zungusha polepole, huku unakuja. Nikisikia nitanyosha mkono. Usinihurumie."

Upande wa kulia alinyosha mkono nikiwa nimebakiza hatua tatu. Nilimwambia hatua sita. Akasema, "Nimekwambia usinihurumie," nikasema tatu.

Tukahamia kushoto. Nilirudi mlangoni, nikaanza. Tiktiki. Hatua moja. Nyingine. Nilipita meza, nikapita makasha ya sabuni, nikafika nyuma ya stuli. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya goti. Niliinamisha racheti mpaka ikakaribia kugusa nywele zake, nikaizungusha, na kila jino la chuma lilinipanda mkononi mpaka kwenye bega.

"Haya, anza," alisema.

Nimewahi kumdanganya matroni, kasisi wa shule na mkaguzi kutoka wizarani, wote bila kupepesa macho. Uongo ulikuwepo, tena wa aina tatu, kila mmoja umefungwa vizuri tayari kwa safari. Niliendelea kuzungusha.

"Profesa? Umeanza?"

Nikapita mbele yake ili aone midomo yangu.

"Nimeshamaliza, Kaka."

Akaitikia kwa kichwa. Alipokea racheti, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha ndani ya sanduku, kwenye tundu lake, kati ya ndogo na kubwa, kisha akafunga lachi moja, na ya pili. Mama aliita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari. Nilisubiri kidogo. Kisha nikamgusa bega, nikamwambia tunaitwa.