Ukuta Uliomeza Gololi

Gololi ilibingirika gizani. Niliisikia nikiwa jikoni: ikakwaruza vigae vya sakafu, ikapita chini ya meza za baa, ikaendelea. Nikangoja igonge ukuta na kurudi. Haikugonga. Ikafanya *tok*, halafu kimya.

"Mama," Nell akaita, "imeliwa tena."

Desemba huku kwetu, nchi ya baridi, jua halina haraka. Saa moja asubuhi bado ni usiku mtupu. Niliwasha taa ya baa. Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi na nguo zake za kulalia, shavu sakafuni, akichungulia chini ya ukuta unaotenga baa na Chumba cha Sigara, sebule ya pili ya wateja.

"Ukuta una njaa," akasema. "Umekula ya kijani, ya bluu, na ile yenye moshi ndani."

Nilikuwa na hasira na ukuta ule, au tuseme nilikuwa na huzuni nao. Saa tano Bwana Peverell wa kampuni ya bia, wenye nyumba, angekuja na fundi wake kuutia alama za chaki ili ubomolewe. Walitaka ukumbi mmoja mkubwa: chai ya baada ya mazishi, karamu za timu ya kurusha vishale, watu wengi pamoja. Bila ukumbi, baa ya Mwanakondoo ingefungwa, na mama mkwe wangu Maureen, aliyeiendesha tangu mume wangu Lee akiwa tumboni, angetafuta pa kwenda. Sisi nasi tuliishi ghorofani, juu ya baa.

Lakini ukuta ule! Chini mbao, juu vioo vilivyochorwa majani ya mwitu, kila jani na mshipa wake. Niliwahi kusoma habari za majengo ya kale, Jumanne jioni chuoni, tumbo langu na Nell ndani yake likigusa dawati. Huko ndiko nilikojifunza kuitazama nyumba nilimoolewa. Mlango wake umekatwa kwenye kona kabisa, ili wa Mtaa wa Cope na wa Mtaa wa Hadley waingie bila kugombania heshima. Juu yake kuna kijimnara chenye kofia kama kifuniko cha birika. Kuta za nje ni za udongo mwekundu uliochomwa, zabibu na nyuso zimefinyangwa humo, na mvua ya miaka mia haijazifuta pua. Aliyeijenga hakubahatisha kitu.

Basi nikajiuliza: mtu kama huyo ataachaje ufa chini ya ukuta? Sote tuliuona ule ufa. Tulidhani ni uzee.

Nikalala sakafuni kando ya Nell, nikaingiza kisu cha mkate. Kikateleza moja kwa moja, kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, kikikwaruza shaba. Ulikuwa mfereji, umenyooka kama rula. Nikainuka nikakwangua rangi kwenye nguzo ya kati. Kahawia, chini yake kijani, chini yake kahawia nyingine. Watu wa huku, mfalme akitawazwa, wanapaka rangi. Malkia akitawazwa, wanapaka juu ya ile. Hawabandui kamwe. Chini ya tabaka zote hizo kikatokea kifundo cha bawaba.

"Wewe binti!" Maureen alisimama mlangoni na kikombe chake. "Rangi hiyo kaipaka marehemu baba mkwe wako."

"Mama, ukuta huu unakunjika."

"Na mimi hukunjika, lakini si kabla ya chai." Akasogea. Akaigusa bawaba kwa kidole. Akakiweka kikombe mezani. "Lete kisu kingine," akasema.

Tulikwangua hadi jua likachomoza. Tulikula chapati za shayiri zenye jibini tukiwa tumesimama, vumbi la rangi kwenye nyusi. Mzee Wilf Bagnall, mteja wetu wa asubuhi, alipoingia, hatukumpa bia, tulimpa patasi.

"Huo ukuta ni mzee kuliko wewe, Maureen," akasema, "na bado umenyooka."

"Kwangua, Wilf. Mdomo wako hautoi rangi."

Bwana Peverell alifika na fundi. Peverell ni kijana mstaarabu, koti refu, baridi imempa pua nyekundu. Nilimwekea chai mezani.

"Kabla hujaimaliza hiyo," nikamwambia, "nitakupa ukumbi wako, na ukuta wangu utabaki."

Akatabasamu. "Nitakunywa polepole basi."

Nikashika nguzo ya kati, Wilf akaegemeza bega, tukasukuma. Rangi ikapasuka kwa mlio wa kuni kavu. Ubao wa kwanza ukasogea upana wa kiganja. Kisha ukagoma.

Tukasukuma tena. Wapi! Fundi akatoa chaki mfukoni, taratibu, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. Bwana Peverell akatazama kikombe. Kilikuwa kimebaki nusu.

Nell akanivuta sketi, akaonyesha mfereji kwa kidole. Nikacheka kwa sauti: gololi zake ndizo zilizoukwamisha ukuta.

"Mama," nikamwambia Maureen, "nipe ile sindano yako ya kufumia, yenye kulabu."

Nikalala chini mbele ya wageni, mguu huku mguu kule. Nikazivua gololi mferejini kama samaki. Ikatoka ya kijani. Ikatoka ya bluu. Ile yenye moshi ndani ilikuwa imejibana chini ya ubao kabisa. Nikaikosa mara mbili, nikaipata.

"Sasa," nikasema.

Ukuta ukakunjwa. Ubao juu ya ubao, kioo juu ya kioo, kama kurasa za kitabu, ukajilaza kando ya dirisha. Moto wa Chumba cha Sigara ukaangaza baa. Mzee Wilf, aliyekunywa upande mmoja maisha yake yote na hakuwahi kukanyaga kule wanakokaa wanawake, alijikuta yumo ndani bila kupiga hatua. Akavua kofia.

"Samahani, mabibi," akakiambia chumba kitupu.

Maureen alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni.

Bwana Peverell alitembea kutoka dirisha la Mtaa wa Cope hadi la Mtaa wa Hadley, bila kizuizi, akarudi. "Na unafungika tena?"

Niliufunga kwa mkono mmoja. Niliufungua tena. Akamtazama fundi wake, na fundi akairudisha chaki mfukoni.

"Mazishi ya kwanza ni lini?" akauliza.

"Tutaanza na arusi," Maureen akajibu. "Wilf atatafutiwa mke."

Nell alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, viganja vimejaa. Akainua uso kwetu sote.

"Ukuta umenirudishia gololi zangu," akasema.